Kuhifadhi na Kumiliki

Kukusanya mila za watu ni kazi ambayo sifa zake husemwa upesi na madhara yake huchelewa kusemwa. Mtu akiandika ngano za kijiji, akipiga picha ya ngoma, au akiweka chombo cha kale katika nyumba ya makumbusho, hushukuriwa kuwa ameokoa kitu kisipotee. Mara nyingi shukrani hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya kuitoa yafaa kuuliza: kitu hicho kimeokolewa kwa ajili ya nani? Swali hili si la maneno matupu. Limewafika Wagiriama wa pwani ya Kenya milangoni mwao, na yaliyowapata yanaweza kuwa mizani ya kupimia kazi yote ya namna hii.

Wagiriama ni mmojawapo wa watu wa Mijikenda. Kwao, mtu wa chama cha heshima kiitwacho Gohu akifa, husimamishiwa kigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa mfano wa mtu: kichwa cha mviringo, na kiwiliwili bapa kilichojaa nakshi za pembetatu. Huchongwa baada ya marehemu kumjia jamaa yake katika ndoto, au baada ya nyumba kupatwa na maradhi na mikosi inayodhaniwa kuwa ni manung'uniko yake. Kikisha kusimamishwa hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na hupewa heshima apewayo mzee aliye hai. Watu wakihama, kigango hakihami. Hubaki palepale mpaka kimalizwe na jua, mvua na mchwa. Na kumalizika huko si hasara, ni mwisho uliokubaliwa tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 nguzo hizi zilipendwa mno na wanunuzi wa vitu vya sanaa. Wezi, na miongoni mwao vijana wa nchi hiyohiyo, walizing'oa kwa malipo madogo. Wachuuzi wakaziuza kwa wageni. Na mamia yake yakafika Marekani katika nyumba za matajiri na katika makumbusho. Zilizokuwa kumbukumbu za heshima zikawa mapambo ya ukutani.

Mwaka 1985 mtaalamu wa elimu ya jamii na mila, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika, mwanamke huyo alionyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho ya Marekani, akakitambua. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Picha ya mwaka 1985 ikawa shahidi asiyekanushika, na mwaka 2007 kigango cha kwanza kikarudi kwa jamaa ya mzee yule.

Kisa hiki kilinganishwe na kingine. Makumbusho moja ya mji wa Denver yalikuwa na vigango 30 vilivyotolewa zawadi na watu waliovinunua. Mwaka 2014 yalitangaza kuvirudisha, na mwaka 2019 vikafika Kenya. Tendo hilo lilikuwa jema na lastahili sifa. Lakini kumbukumbu ya kila kimoja kilitoka mji wa mzee yupi haikuwapo. Vilikuwa vimekingwa na mvua na mchwa kwa miaka mingi, wala havikukingwa na usahaulifu. Vilirudi katika nchi, havikurudi nyumbani.

Mtetezi wa wakusanyaji atasema kuwa lau vigango hivyo visingechukuliwa vingekwisha kuoza, na ulimwengu ungekosa uzuri wake. Hoja hii ina kasoro. Huhesabu uhai wa mti na kusahau uhai wa ahadi. Kigango ni neno baina ya wazima na wafu; aking'olewa msemaji mmoja, maneno hukatika hata kama mti unang'aa katika sanduku la kioo. Kuhifadhi umbo kwa kuharibu maana si kuhifadhi.

Mwingine, kwa upande wa pili, atasema kuwa picha na vitabu ndivyo vinavyomfundisha mwizi njia, basi heri mila zisiandikwe kabisa. Hoja hii ni nzito zaidi, maana kitu kikisifiwa hutafutwa. Lakini jibu lake limo katika kisa chenyewe. Vigango vya mzee yule vilipatikana kwa sababu palikuwa na mtu aliyeandika. Na vile 30 vilikosa kwao kwa sababu waliovichukua walijali umbo wakaacha jina. Kalamu inaweza kumwonyesha mwizi njia. Inaweza pia kumrudisha aliyepotea. Tofauti yake ni nia na uangalifu wa mkono ulioishika.

Tofauti hiyo ina jina la zamani katika lugha yetu: amana. Mwenye kushika amana hujua ni ya nani, huitunza kwa namna atakayo mwenyewe, na huirudisha ikitakiwa. Mkusanyaji wa mila afuate sheria hiyohiyo. Aandike jina la mwimbaji kabla ya wimbo, aulize lipi halifai kutangazwa, na nakala aiache kwa waliompa. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikatiwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini ziko siri za kaya ambazo wazee hawamwambii mgeni, na kunyamaza kwao ni sehemu ya urithi uleule unaosifiwa.

Wala sheria ya amana haiwafungi wageni peke yao. Mjukuu auzaye kigango cha babu yake hawezi kusema ameuza chake, kwa kuwa alichoshika ni cha aliyetangulia na cha atakayefuata. Haja yake ya fedha yaweza kuamsha huruma, na mnunuzi aliyeitumia haja hiyo ana lawama kubwa kuliko yake. Lakini haja haigeuzi amana kuwa mali. Mgeni na mwenyeji wote wawili ni washikaji, na atakayeulizwa kwanza ni yule aliyejua jina la mwenyewe akalinyamazia.