Kiongozi na Kosa Lake

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi wa Tanzania, alijiuzulu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Vyombo vya dola vilipoingia kuwasaka wauaji, watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Waziri hakuwa kwenye vyumba walimoteswa. Alijiuzulu kwa sababu waliotenda unyama ule walikuwa chini ya dhamana yake. Akaenda Misri kuwa balozi. Mwaka 1984 akashika urais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata urais wa Jamhuri ya Muungano.

Kisa hiki husimuliwa kama funzo la uwajibikaji, na ni haki kisimuliwe hivyo. Mimi kinanifikirisha kwa upande ambao hausemwi sana. Mtu aliyebeba lawama ya vifo anaamkaje kesho yake? Anapata wapi nguvu ya kukubali, miaka minane baadaye, kubebeshwa nchi nzima? Ya moyoni mwake Mwinyi aliyajua mwenyewe, wala sitajifanya niliyaona. Ninachoweza kusema ni kwamba kubeba kosa bila kulikimbia, na bila kukubali limmalize, ni kazi inayohitaji kitu ndani ya mtu. Kitu hicho nakiita kujihurumia, na naamini ndiko mtindo wa uongozi unakoanzia.

Tumezoea kuwapanga viongozi kwa jinsi wanavyowatendea wengine: huyu mbabe, yule msikivu, mwingine kaachia kila mtu afanye atakalo. Mpangilio huu ulipata umaarufu mwaka 1939, Kurt Lewin na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti wao huko Iowa, Marekani. Waliunda vikundi vya wavulana wadogo, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, na kila kikundi kikapewa msimamizi wa aina yake. Watu wengi hukumbuka tu kwamba vijana walimpenda zaidi msimamizi aliyeshauriana nao. Mimi nakumbuka jingine: chini ya msimamizi mwenye amri kali, ilitokea wavulana wakamgeukia mwenzao mmoja na kumwandama. Hawakuweza kumgusa aliyewabana, wakamtafuta wa kumgusa.

Ukitaka kuliona jambo hilo kwa karibu, ingia kwenye ofisi ya walimu siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Mkuu wa shule amesimama, karatasi zilizobanwa pini ziko mkononi, bado zina joto la mashine. Simu yake iko mezani kifudifudi kwa sababu afisa elimu amekwisha kupiga mara mbili. Anasoma idadi ya waliopata sifuri, kisha anamtaja mwalimu wa hisabati kwa jina mbele ya wenzake, na kumuuliza analipwa mshahara wa nini. Kila aliyeketi pale anajua kwamba kwa muhula mzima mwalimu huyo alikuwa peke yake kwa mikondo sita, na kwamba maombi ya kuongezewa mwenzake yalilala kwenye faili la mkuu. Hakuna anayesema. Kipindi kinachofuata mwalimu anaingia darasani na fimbo. Kabla jua halijazama, aibu ya mtu mmoja imeshuka ngazi zote na kutua mgongoni mwa mtoto wa kidato cha pili, asiyejua hata matokeo yalikuwa ya nani.

Ni rahisi kumwita mkuu yule katili. Naona tungekosea. Mara nyingi mtu wa namna hiyo hujihukumu kwa ukali zaidi kuliko anavyotuhukumu sisi. Usiku halali. Ndani yake kuna hakimu mmoja tu, na hakimu huyo anajua hukumu moja: umeshindwa, kwa hiyo hufai. Mtu anayeishi chini ya hukumu ya aina hiyo hawezi kusema "faili lilikuwa kwangu", maana kwake maneno hayo ni sawa na kujinyonga. Anachoweza ni kulitafutia kosa mwili mwingine wa kukaa. Ubabe wake kwa walimu na ubabe wake kwa nafsi yake ni kitu kimoja, na huwezi kuutibu mmoja ukauacha wa pili.

Wanasaikolojia wamelifanyia kazi jambo hili. Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin alieleza mwaka 2003 kwamba kujihurumia kuna sehemu tatu: kujitendea kwa upole unapoumia au kushindwa, kutambua kwamba kukosea ni hali ya wanadamu wote wala si laana yako peke yako, na kuyaangalia maumivu yako kama yalivyo, bila kuyazika wala kuyakuza. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Berkeley walionyesha kwamba wanafunzi waliosaidiwa kujihurumia baada ya kufeli jaribio gumu walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa jaribio la pili. Nalitaja hili kwa ajili ya wazazi na wakubwa wa kazi wanaoamini kwamba bila kujichapa kwa ndani mtu atalegea. Woga humfanya mtu alifunge daftari alilofelia. Aliyejisamehe kiasi cha kuvuta pumzi ndiye anayelifungua tena.

Hata hivyo kuna pingamizi zito, na siwezi kulipita juu juu. Wenye madaraka hawajawahi kupungukiwa na huruma kwa nafsi zao. Wanajisamehe upesi mno. Aliyekula fedha za zahanati hulala usingizi mzuri, na mama aliyekosa dawa ndiye anayekesha. Mwinyi mwenyewe, mzee aliyepewa jina la Ruksa kwa kulegeza kamba zilizokuwa zimekazwa, alilaumiwa kwamba katika kulegeza huko rushwa nayo ilipata upenyo. Je, kuwahubiria wakubwa wajihurumie si kuwaongezea mto kitandani?

Jibu langu nimelikuta katika mafundisho ya toba waliyolelewa nayo Waislamu wa pwani yetu. Masharti yake yanajulikana: uache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia, na kama kosa linahusu haki ya mja, umrudishie haki yake au akuridhie. Hapo hapo mafundisho hayo yanakataza kukata tamaa na rehema za Mungu. Ukiyasoma mambo haya mawili pamoja, utaona jinsi yanavyolindana. Katazo la kukata tamaa linamzuia mwenye kosa asijitupe kama takataka, kwa sababu aliyejitupa harudishi deni la mtu. Sharti la haki ya mja linamzuia asijifutie deni ambalo si lake kulifuta. Waliofia mahabusu huko Mwanza na Shinyanga hawakumpa waziri yeyote ruhusa ya kujisamehe kwa niaba yao. Kujihurumia hakumpi kiongozi msamaha. Kunampa macho ya kulitazama alilolitenda, au lililotendwa chini yake, bila kupepesa, na miguu ya kwenda kulirekebisha. Anayeruka hatua ya kurekebisha anajidekeza tu, hata akilia hadharani.

Hatua hiyo huweza kuchelewa hata kwa anayeijua. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake Tujisahihishe mwaka 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Baadaye serikali yake ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Vyote vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na yeye mwenyewe alikiri waziwazi kwamba kuviondoa lilikuwa kosa. Namheshimu sana kwa kukiri huko. Lakini naitazama ile miaka sita, na ile kumi, na kuwafikiria wakulima waliobaki bila chombo chao cha kuuzia mazao. Kama mtu aliyefundisha kujisahihisha alichukua muda huo wote, sisi wengine tuna kazi kubwa zaidi.

Na sehemu ya kazi hiyo ni yetu tunaoongozwa. Kiongozi akisimama kwenye mkutano wa kijiji, wa shule au wa ushirika akasema "hapa nilikosea", kinachofuata mara nyingi ni kelele, vicheko, na mpinzani wake kulichukua neno hilo kama silaha ya uchaguzi ujao. Waliokuwa wakijiandaa kukiri wanaona, wananyamaza. Nawaomba wenzangu: siku nyingine mtu wa cheo akikiri kosa mbele yenu, msimshangilie na msimzomee. Muulizeni atawarudishia nini waliodhurika, na lini, kisha mpeni nafasi ya kutimiza.