Mtaa wa Maji Maji, Berlin

Mtu wa Afrika Mashariki anayeshuka kituo cha Rehberge, mtaani Wedding, kaskazini mwa Berlin, hana haja ya kwenda mbali kukutana na majina ya kwao. Wedding ni mtaa wa wafanyakazi, wenye maghorofa ya kawaida na bustani kubwa. Vibao kwenye kona za barabara vinasema Tanga, Usambara, Uganda, Zanzibar. Majina hayo yalibandikwa Ujerumani ilipojivunia makoloni, na mengine hata baada ya kuyapoteza.

Barabara moja ina kisa chake. Mwaka 1939, utawala wa Hitler uliipa jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Afrika Mashariki akikusanya mikataba ya hila, na ambaye ukatili wake huko Kilimanjaro ulifanya afukuzwe kazi mwaka 1897 na serikali yake mwenyewe. Mwaka 1986 wakubwa wa mji wakapata ujanja: jina likabaki lilelile, ila ikatangazwa kwamba Peters anayeenziwa sasa ni Hans Peters, mwanasiasa aliyewapinga Wanazi. Danganya toto, hakuna zaidi.

Wanaharakati hawakukubali, wakadai jina jipya. Baadhi ya wakazi, kwa upande wao, walipinga mabadiliko hayo, wakaenda hadi mahakamani. Agosti 2024, hatimaye, sehemu ya barabara ile ikaitwa Maji Maji, kukumbuka vita dhidi ya ukoloni wa Wajerumani, na nyingine ikapewa jina la Anna Mungunda, mpigania uhuru wa Namibia.

Upande wa pili wa jiji, mtaa wa Neukölln ulitangulia. Tangu 2021, barabara iliyokuwa na jina la Wissmann, afisa wa kikoloni aliyemnyonga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, huko Pangani mwaka 1889, ina jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Kilimanjaro.