Maamuma Aliye Nyuma ya Kioo

Msikiti wa kijiji unapokusudia kurusha hotuba na darsa zake mubashara, yaani kuzipeleka picha na sauti mtandaoni wakati uleule jambo linapotendeka, mazungumzo ya kwanza huwa ya vifaa na gharama, ilhali chini yake limelala swali la zamani zaidi kuliko umeme, nalo ni lini mtu huhesabiwa kuwa amehudhuria. Insha hii inalitazama swali hilo kutoka Majoreni, makazi ya wavuvi na wakulima yaliyo kati ya Shimoni na Vanga kusini mwa Kaunti ya Kwale, na inashikilia kwamba masharti ya mafakihi kuhusu sala ya jamaa, ambayo huweza kumchosha msomaji wa leo, yamebeba fikra kamili kuhusu hudhuri ambayo teknolojia ya mtandao bado haijaijibu.

Swali lenyewe halikuletwa na shauku ya vijana. Lililetwa na maradhi. Mnamo tarehe 22 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilisimamisha mikusanyiko ya ibada kwa sababu ya Uviko, na tarehe 8 Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Kwale, Kilifi na Mombasa, hivi kwamba Ramadhani ya mwaka huo, iliyoanza mwishoni mwa mwezi huohuo, ilipita bila tarawehe misikitini, huku zile za Msikiti Mtukufu wa Makka zikisaliwa na watumishi wake tu na kuoneshwa ulimwengu mzima kwa televisheni na mtandao. Nyumba za ibada ziliporuhusiwa tena mwezi Julai, idadi iliwekwa isizidi watu 100 na muda usizidi saa moja, na waliozidi umri wa miaka 58 pamoja na watoto wasiofika miaka 13 walitakiwa kubaki nyumbani. Amri hiyo ilikuwa na mantiki ya kitabibu, lakini iliwaondoa wazee wa safu ya kwanza, ambao aghalabu ndio wasioijua simu, na ikawaachia msikiti wale ambao wangeweza kuufuata kwa simu bila taabu.

Mwenye kutaka kuanza hahitaji vitu vingi. Simu yenye kamera nzuri, stendi ya miguu mitatu ili picha isitikisike, kinasa sauti kidogo cha kubanwa kwenye kanzu ya mhubiri au waya unaotoka kwenye mikisa ya msikiti, na bando la kutosha, kwa kuwa picha ya kiwango cha wastani inayopelekwa kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde hula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa: hayo yanatosha. YouTube humtaka anayerusha kwa simu awe na wafuasi wasiopungua 50, na idhini ya mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24, kwa hiyo msikiti unaolikumbuka jambo hili asubuhi ya Ijumaa umekwisha kuchelewa. Linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni safari ya picha yenyewe, kwani simu huibana picha na kuituma kwenye kompyuta kubwa za kampuni, nazo huikata vipande vya sekunde chache chache na kuvigawa kwa watazamaji, na simu ya mtazamaji nayo hungoja ikusanye vipande kadhaa kabla ya kuvionesha ili picha isikwamekwame. Matokeo yake ni kwamba kati ya tendo na taswira yake hupita sekunde kadhaa, mara nyingine hata nusu dakika. Kinachoitwa mubashara, kwa hiyo, ni jambo lililokwisha kupita kidogo.

Kuchelewa huko, ambako mtazamaji wa mpira hukugundua pale tu jirani mwenye redio anapomtangulia kushangilia goli, huwa jambo zito kinapoingia kipimo cha sala. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na yaliyofafanuliwa na Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa nguzo ya darsa za fikihi katika ukanda huu, yanamtaka maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, ajue mienendo ya imamu wake kwa kumwona, kumsikia au kumfuata anayemwona. Asimtangulie kwa upande wa kibla. Na awe amekusanyika naye mahali pamoja. Wakiwa ndani ya msikiti mmoja umbali hauwadhuru, lakini wakiwa nje masafa yasizidi takriban dhiraa 300, ambazo ni kama mita 150 hivi, wala pasiwe na kizuizi kinachomzuia mtu kumfikia imamu. Tena maamuma asibaki nyuma ya imamu kwa nguzo mbili kamili za vitendo bila udhuru. Mtu aliyeketi Majoreni akifuata kwa simu sala inayosaliwa kwingine, huku picha ikichelewa nusu dakika, atakuwa anainama kurukuu wakati imamu amekwisha kuitidali, kusujudu na kuinuka, hasa katika tarawehe zinazosaliwa haraka. Anaweza kudai kwamba kuchelewa kwa mtandao ni udhuru kama ulivyo usomaji wa polepole, na dai hilo si la kupuuzwa, lakini udhuru wa fikihi humsitiri mtu aliyekwisha kuwa katika jamaa, na hapa kinachobishaniwa ni iwapo yumo.

Wapo waliosema yumo. Ahmad bin as-Siddiq al-Ghumari, mwanachuoni wa Morocco aliyefariki Cairo mwaka 1960, aliandika risala nzima kutetea kusihi kwa sala ya Ijumaa nyumbani nyuma ya redio, akiweka masharti kwamba wakati uwe mmoja, msikilizaji asiwe peke yake katika safu, na mji wake uwe nyuma ya mji wa imamu kwa upande wa kibla. Sharti hili la mwisho lina sura ya pekee Majoreni, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini kamili ya pwani hii, tofauti ya longitudo ikiwa kama nusu digrii tu. Ina maana kwamba mtu wa Majoreni anayefuata msikiti wa Mombasa angekuwa nyuma ya imamu wake kihalali, kilomita kadhaa za mikoko na minazi zikiwa kati yao, ila akifuata msikiti wa Tanga, ulio kusini yake, angekuwa amesimama mbele ya imamu, na sala yake ingebatilika hata kwa hoja za mtetezi wake. Mwenye kucheka hapa na acheke kidogo tu, maana ramani hiyo inaonesha jambo ambalo hoja nyingi za leo hulisahau, kwamba hata aliyekuwa tayari kuliko wenzake kuikubali redio hakuthubutu kuufuta mwelekeo wa miili ya watu.

Wengi hawakumfuata. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililokutana kwa dharura mwishoni mwa Machi 2020, na lililokutana, kwa kinaya cha mambo, kwa njia ya mtandao, liliamua kwamba Ijumaa haisihi kwa kumfuata imamu kupitia matangazo. Wala hili si jambo la Waislamu peke yao, kwa maana Kanisa Katoliki, ambalo mwaka 1958 lilimtangaza Mtakatifu Clara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni kwa kuwa inasimuliwa kwamba akiwa mgonjwa kitandani aliiona misa ukutani mwa chumba chake, lilieleza katika waraka wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti kwamba sakramenti haziwezi kutolewa mtandaoni.

Ni nini basi kinachopungua, ikiwa macho yanaona na masikio yanasikia? Jibu la haraka ni mwili, lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuonesha kwamba mwili huweza kusimama safuni na moyo ukawa sokoni, na kwamba hudhuri ya moyo ndiyo roho ya sala. Mgonjwa wa Majoreni anayelia kwa dua aliyoisikia katika simu huenda amehudhuria kwa maana hiyo kuliko kijana anayepiga miayo mita mbili kutoka mimbari. Kinachopungua kiko kwingine. Mtazamaji anaona lakini haonekani. Safu ya msikiti si mahali pa kupokelea ujumbe tu, ni mahali ambapo mtu huhesabiwa, kiasi kwamba fikihi ya Shafi haiisihishi Ijumaa ila kwa wakazi 40, na asiyeonekana Ijumaa mbili mfululizo huulizwa kwa jina, ikajulikana kama amesafiri, amelala homa au amekwenda bahari. Masharti ya masafa na ya kutokuwapo kizuizi, yakitazamwa hivi, hayapimi usikivu, kwani sauti ilikuwa ikifikishwa na wapokezi wa takbiri hata katika misikiti mikubwa kabla ya vipaza sauti. Yanapima uwezekano wa mmoja kumwendea mwenziwe. Namba ya watazamaji inayopanda na kushuka pembeni mwa kioo haimjui aliyeondoka, na wala haimtumi mtu kwenda kubisha hodi kwake.

Namba hiyohiyo ndiyo inayogeuza swali upande wa anayerusha, na hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo. Mhubiri anayewatazama watu 60 waliokaa chini mbele yake huwasemesha hao. Akijua kwamba wako wengine 600 nyuma ya kamera, hotuba hubadilika bila yeye kukusudia, mifano ya kijiji ikapungua na maneno yenye kusambaa yakaongezeka. Wanachuoni huliita jambo hilo riyaa, yaani kufanya ibada ili kuonekana na watu, lakini haohao walionya kwamba kuacha jambo jema kwa kuogopa kuonekana nako ni kuwafanya watu kuwa kipimo, kwa hiyo kuzima kamera si tiba. Kilicho karibu na tiba ni maamuzi madogo: kioo kinachoonesha idadi kiwekwe asikokiona mhubiri, na kamera isimame nyuma ya safu, juu kidogo ya usawa wa vichwa, ili inase mimbari na migongo badala ya nyuso za watu waliokuja kuomba. Kwa watoto wa madrasa, jambo hili si la adabu tu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto, picha yake ikiwemo, hazijachakatwa.

Ikumbukwe pia kwamba mambo yanayorushwa si ya namna moja. Darsa ni elimu, na elimu katika pwani hii imekuwa ikisafiri bila mwalimu tangu zamani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa huko Mombasa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932 ili kuwafikia watu ambao hawangeketi mbele yake, na haikuhojiwa kama aliyelisoma gazeti chini ya mwembe alikuwa amehudhuria. Msikiti wa Majoreni ukirusha darsa la tafsiri baada ya magharibi, mwanamke aliyebaki na watoto na kijana wa kijiji anayefanya kazi Dubai watapata kile walichokusudiwa wapate. Maulidi yako katikati, kwani ndani yake mna elimu, mna sifa za Mtume, na mna kuitikia pamoja, na sehemu hii ya tatu haipiti kwenye waya kwa ukamilifu, kama ajuavyo kila aliyejaribu kuitikia kwa simu akakuta sauti yake imechelewa ubeti mzima.

Linabaki suala la kinachosalia matangazo yakiisha, maana mitandao mingi huihifadhi rekodi, na dua iliyoombwa usiku wa Ijumaa huweza kufunguliwa Jumanne na mtu akaiitikia amin. Mafakihi wa Hanafi walikwisha kukutana na kitu cha jamaa hii walipojadili sijida ya kisomo, ile anayosujudu mtu akisikia aya fulani zikisomwa, wakasema haimlazimu aliyezisikia kwa mwangwi wa mlima au kwa ndege aliyefundishwa kuzitamka, kwa sababu hakuna msomaji mwenye nia nyuma ya sauti hiyo. Rekodi iko karibu na mwangwi. Lakini amin si sijida, wala haihitaji imamu, kwa kuwa ni ombi la mwenye kuitamka mwenyewe, na anayeombwa hafungwi na sekunde za kuchelewa wala na siku nne zilizopita. Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye sala yake ya jamaa haikusihi nyuma ya simu anaweza, kwa simu hiyohiyo, kuwa ameomba dua iliyo sahihi kabisa, akiwa peke yake.