Jukwaa Moja kwa Mtoto na Mzazi

Kikundi cha maigizo kisichotafuta faida aghalabu hujitapa kuwa kinawatumikia watoto na watu wazima. Je, ni haki kiwape wadogo kicheko na kuwawekea wakubwa ukweli?

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waigizaji wa mjini wakienda huko na mchezo wa sungura pekee, watoto watacheka, hapana shaka. Lakini mtoto aliyeona nyumba yao ikichukuliwa hafichiki tena. Kumnyamazia ni kumwacha peke yake na jambo lililo zito kuliko yeye. Wazee wa Kiiraqw huko Mbulu, wakisimulia jioni mbele ya wajukuu, hawakumpunguzia fisi meno.

Yasemwa kuwa mchezo huweza kutonesha kidonda. Kweli, na kiingilio cha bure hakimpi mgeni ruhusa ya kuugeuza msiba wa watu kuwa tamasha lake. Njia ipo. Huko Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake walikaa kwanza na wanakijiji wakisikiliza. Ndipo mimba za wasichana wa shule zikaigizwa, na walioziigiza walikuwa wanakijiji wenyewe.