Aliyeitwa ni Mmoja

Mwaka 2009 Haley Preston, mchungaji wa Kimethodisti huko Redruth, Cornwall, alijiuzulu na kulishtaki kanisa lake, akidai kuwa mazingira yalimlazimisha kuondoka. Kesi ilikwama mlangoni: je, mchungaji ni mwajiriwa? Mei 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu kuwa siye, majaji wanne kwa mmoja. Posho na nyumba, alieleza Jaji Sumption, mchungaji huvipata kwa kupokewa katika utumishi wa maisha chini ya katiba ya kanisa, wala si kwa mkataba. Jaji Hale alipinga peke yake: mtu aliyepangiwa kituo, majukumu, malipo na makazi, huyo ana mkataba.

Hoja ya wengi ina uzito. Aliyejitoa kwa Mungu hauzi saa zake. Posho haipimi kazi, humwezesha tu kuishi ili aifanye. Lakini mtu hutoa sadaka kilicho chake. Mwenzi wake hakuwekewa mikono. Watoto hawakuapa.

Na hao ndio wanaobanwa. Wanahama shule kila kituo kinapobadilika, simu za misiba zinaingia wakati wa chakula, na paa lao limefungwa kwenye cheo cha mtu mwingine. Kasisi akifariki, wafiwa hawana budi kutafuta pa kwenda. Ndoa ikivunjika, nyumba humfuata mwenye daraja. Ndiyo maana mwaka 1983 wenzi walioachana na makasisi waliunda chama chao, Broken Rites.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1655, makasisi walipofukuzwa vituoni enzi za utawala wa Cromwell, wafanyabiashara na makasisi wa London walianza kuzichangia familia za waliofukuzwa, na mwaka 1678 Mfalme Charles II akalipatia shirika lao la hisani hati ya kifalme. Hisani njema, ila hisani huombwa.

Kanisa la Anglikana la Uingereza limepita katikati ya wito na ajira. Tangu 31 Januari 2011 kasisi wake, bila kuitwa mwajiriwa, ana saa 24 za mapumziko kila wiki (si Jumapili, bila shaka), siku 36 za likizo kwa mwaka, na likizo ya uzazi. Wapo wanaonung'unika kwamba urasimu umeingia madhabahuni. Wangeketi kwanza kwenye meza ya chakula ya nyumba ya kasisi. Kasisi anaweza kuyasamehe mapumziko yake kwa hiari, hata kwa furaha. Mtoto anayemsubiri hajawahi kuulizwa kama naye amesamehe.