Hakimu Hakuandika Usahaulike

Andiko: 2 Timotheo 1:16-18



Paulo alikuwa amefungwa minyororo Roma, na wengi walikuwa wamemkimbia. Onesiforo akamtafuta mpaka akampata, na hakumwonea haya. Shika neno hilo, haya. Wengi wetu hatuzuiwi na umbali kwenda gerezani. Tunazuiwa na aibu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo tupige hesabu kidogo. Mama wa Kimilili mwenye kijana Gereza la Kitale analipa nauli kwenda na kurudi, anapoteza siku ya soko, anapanga foleni, halafu anaongea na mwanawe dakika chache tu. Mwezi wa kwanza ataenda. Mwaka wa tatu je? Ndugu wanasema, "Si alijitakia?" Mke anarudi kwao. Watoto wanaambiwa baba yuko kazi Nairobi.

Hakimu aliandika miaka. Hakuandika usahaulike. Hukumu hiyo ya pili tunaiongeza sisi.

Oktoba 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa 2,747 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Kalamu iliondoa kitanzi. Lakini hakuna kalamu ya kumwamuru ndugu yako apande matatu aje kukuona.

Na kanisa je? Tunaenda Kitale, tunaenda Bungoma, tunapeleka sabuni na tishu, tunaimba, tunahubiri, tunarudi. Ni vizuri, tusiache. Lakini soma Mathayo 25 polepole: mwenye njaa alipewa chakula, aliye uchi akapewa nguo. Kwa aliye kifungoni, Yesu alitaja jambo moja tu: kwamba mtu alikuja. Na Onesiforo hakwenda kutafuta "wafungwa". Alimtafuta Paulo. Alikuwa na jina.

Kwa hivyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani uchukue jina moja. Moja tu! Tujue mama yake anaishi wapi, watoto wako darasa la ngapi, yeye anatoka lini. Tuchange nauli ya huyo mama kila mwezi. Kama amezeeka, mmoja wetu aende badala yake. Na siku ya kutoka, asikose mtu wa kumpokea pale getini.

Na wewe uliye na ndugu ndani na hujawahi kutuambia, njoo unione baada ya ibada. Sitakuuliza alifanya nini. Nitakuuliza anaitwa nani.

Amina.