Pasipoti Yako Igongwe Muhuri Rusumo

Wapo Watanzania wengi wenye kazi, biashara na afya njema ambao hawajawahi kuvuka mpaka hata mmoja, na ukiwauliza watakuambia wanasubiri. Wanasubiri hela ziwe nyingi. Wanasubiri mjomba aliyeko Ujerumani atume mwaliko. Wanasubiri mwaka wenye nafasi, na mwaka huo haujawahi kuchapwa kwenye kalenda yoyote. Huku wao wakisubiri, malori yanapakia bandarini Dar es Salaam na kuelekea Kigali usiku na mchana, madereva wake wakivuka mpaka kama watu wanaokwenda sokoni.

Nakuambia leo: acha kusubiri, nenda Rwanda.

Sikatai Ulaya. Ulaya ipo na itaendelea kuwepo. Lakini ombi la viza ya Schengen peke yake ni euro 90, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Juu yake kuna taarifa ya benki, bima ya safari, barua ya mwajiri na wiki kadhaa za roho juu. Rwanda haikudai hata kimoja kati ya hivyo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaingia bila viza na anaweza kukaa kama mgeni hadi miezi 6, kwa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Mwishoni mwa 2023 Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Mwafrika yeyote, atoke Dakar au Maputo, hatalipia viza. Wewe ulikuwa umeshatangulia. Haki hiyo umekuwa nayo zaidi ya miaka 10 na hujaijaribu hata mara moja!

Kilichobaki ni karatasi. Mkenya na Mganda wana nafuu, kwa sababu tangu 2014 wanaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi Watanzania hatukujiunga na mpango huo, jambo ambalo mimi binafsi naliona ni hasara kwa mfanyabiashara mdogo, kwa hiyo tunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Chagua pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000, yaani 20,000 za fomu na 130,000 za kitabu chenyewe, na kitabu kinadumu miaka 10. Piga hesabu: ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Bando unalonunua mwezi mmoja kuangalia safari za watu wengine linaweza kuzidi hapo.

Na ada si ndiyo inayowakwamisha wengi. Kinachowakwamisha ni cheti cha kuzaliwa, chako au cha mzazi. Mzee alizaliwa kijijini kabla ya uhuru, cheti hana, na kijana anakata tamaa pale pale dirishani. Usikate tamaa. Mzazi asiye na cheti anaandikiwa hati ya kiapo kwa wakili. Wewe usiye na cheti nenda RITA ukaanze sasa, kwa sababu hilo ndilo linalokula muda. Ukishakuwa na cheti, namba ya NIDA na picha, fomu unajaza mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ukiwa na nakala zako kwa mpangilio. Watakuuliza unakwenda kufanya nini. Jibu bila kujikunja. Kutembelea nchi jirani ni sababu halali kabisa. Na kama pasipoti unayo tayari, ifungue uangalie tarehe ya mwisho. Ikiwa imebakiza chini ya miezi 6, ibadilishe kwanza. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 chanjo hiyo moja inatambulika maisha yote, hivyo aliyekwisha kuchanjwa asikubali kuuziwa hofu ya kurudia.

Sasa barabara. Ukitokea Dar utapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, uikamate Nyakanazi, kisha uteremke Rusumo. Ni zaidi ya siku nzima ndani ya basi, na miguu itavimba. Mwenye uwezo wa ndege apande ndege. Lakini ndugu zangu wa Kahama, Biharamulo na Ngara, nyinyi hamna kisingizio chochote, Rwanda ni jirani yenu wa mlango wa pili.

Rusumo penyewe pasikutishe. Tangu 2016 ni kituo cha pamoja cha mpakani: anayeingia Rwanda anavuka daraja kwanza, kisha anahudumiwa na nchi zote mbili upande wa pili, ndani ya jengo moja. Ofisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache, wa Rwanda anakugongea wa kuingia. Maswali ni yale yale: unakwenda wapi, utafikia kwa nani, utakaa siku ngapi. Andika jina la nyumba ya wageni na simu ya mwenyeji kwenye karatasi, maana simu huzima chaji saa ile ile unayoitaka. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki nyumbani. Hela ya soda usiitoe hata kwa utani. Rushwa kule inapeleka watu jela. Na mifuko ya plastiki iache. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, miaka 11 kabla yetu, na mizigo hukaguliwa, kwa hiyo karanga zako zifunge kwenye karatasi.

Hapo darajani simama kidogo utazame maporomoko ya Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuja kwetu Ngara kwa muda wa takribani siku moja tu, wakiwa na magodoro na watoto vichwani na migongoni. Leo maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Vitabu nimevisoma, lakini hakuna kitabu kinachokufundisha jambo hilo kama kusimama pale na begi lako mkononi.

Ukishavuka, magari yanahamia kulia. Unapokatiza barabara anza kutazama kushoto, tena fanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu shingo yako imezoea vingine. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja. Ikiwa ni saa tatu asubuhi Dar, Kigali ni saa mbili. Ukikata tiketi ya kurudi, uliza hiyo saa ni ya nchi gani.

Kigali ni mji wa vilima, na bodaboda zao, wao huziita moto, zimejaa kila kona. Hapo ndipo utakapoona tofauti. Dereva anasimama, anakupa kofia ngumu kabla hujaketi, anasubiri uifunge kidevuni, ndipo anaondoka. Abiria ni mmoja tu. Mishikaki tuliyoizoea huku haipo. Kwenye taa nyekundu anasimama hata kama njia nzima ni nyeupe. Mtu aliyekulia kwenye foleni za Ubungo anaweza kudhani dereva ana ugonjwa! Ukiyaona hayo kwa macho, ile kauli yetu ya "haiwezekani Afrika" inakufa yenyewe. Kwangu mimi hiyo peke yake inarudisha nauli.

Angalia pia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuna Umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano. Maduka hufungwa na usafiri husimama, kwa hiyo usipange kuwahi basi kwenye kituo cha Nyabugogo, Kigali, muda huo. Kuanzia Aprili 7 ni wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Miziki na sherehe hunyamaza. Nenda Gisozi, hapo hapo Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji hayo ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Vaa kwa heshima, na usimuulize Mnyarwanda yeyote kabila lake, popote pale. Kule hilo si swali la mazungumzo, na kuna sheria kali dhidi ya maneno ya kugawa watu au kukanusha yaliyotokea.

Lugha isikusumbue. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ukifika mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali, hasa Biryogo, utaagiza chai na maandazi kama uko Kariakoo. Vijana wengine watakujibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Jifunze "muraho" na "murakoze", itatosha kufungua uso wa mtu. Fedha badilisha kwenye maduka rasmi, si kwa vijana wanaokukimbilia mpakani. Kama unabeba dola, chagua noti safi za miaka ya karibuni. Wanaotamani kuwaona gorila wa Musanze wajue mgeni wa kutoka mbali analipa dola 1,500, lakini mwana Afrika Mashariki hutozwa sehemu ndogo tu ya hizo. Usipange kuzungukia Bujumbura bila kuuliza kwanza, kwa kuwa Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024.

Na wewe mama mwenye genge, wewe kijana wa mchele wa Kahama, hii safari si ya matembezi peke yake. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti chepesi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, na nyingi hupita bila ushuru wa forodha. Nenda kwanza mikono mitupu. Zunguka soko la Kimironko, Kigali, uliza bei ya mchele, ya dagaa, ya vitenge, andika kwenye daftari. Safari ya pili ndiyo utabeba mzigo ukiwa unajua unaupeleka kwa nani. Wenzako wa Kenya na Uganda walishalijua hilo zamani, ndiyo maana wamejaa kule.

Basi usiku huu, kabla hujalala, vuta lile sanduku la chini ya kitanda utafute cheti cha kuzaliwa. Kikiwepo, jaza fomu ya pasipoti kesho. Kisipokuwepo, Jumatatu asubuhi uwe wa kwanza kwenye foleni ya RITA.